Utani Wetu na Watu wa Kitangari

Lisekese, Masasi
3 Machi 1996

Mdogo wangu Mujibu,

Assalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi yangu na mwanetu Majaliwa. Hapa tunapumua. Mguu wa Mama umevimba tena, na ameukataa ule mswaki wa mwarobaini niliomletea kwa sababu, anasema, meno hayaumwi mguuni. Faidha wangu yuko kidato cha nne na ameanza kunisahihisha Kiingereza changu mbele za watu. Mimi bado nafundisha darasa la tatu, watoto sabini na nane, chaki moja.

Msimu uliopita wanunuzi binafsi wa korosho walijaa mpaka barazani kwetu. Kila mmoja na mizani yake, na kila mizani na tabia yake. Watu wamejenga mabati, wengine wameoa mke wa pili, na bomba la Kitangari bado halitoi maji. Ndiyo soko huria hilo, mdogo wangu, linaleta kila kitu isipokuwa maji.

Sasa jambo linaloninyima usingizi. Ziada wa Bwanali amerudi.

Huna haja ya kukumbushwa Bwanali ni nani. Ni mtani wetu wa Kitangari, na Ziada amekaa kwangu miaka minne ya sekondari, akila sahani moja na Faidha. Alipochaguliwa kuja chuoni kwenu nilimpa barua kwa mkono wangu mwenyewe: "Mujibu, huyu ni mtani wako, mtazame." Sasa ameshuka kwenye lori la mifuko ya salfa, ile dawa ya mikorosho, katikati ya muhula, na sanduku lake la bati. Anasema tumbo linamsumbua. Tumbo gani, hasemi. Hata kupanda Kitangari kwao hataki, maana baba yake alichinja mbuzi siku alipoondoka.

Ana karatasi ya chuo. Imeandikwa kwamba ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo haikupokelewa, na kama alama yake haitakuwa imeingia ifikapo tarehe 30 Septemba, jina lake litafutwa. Wenyewe mnaita kudisko. Mpokeaji wa ripoti hizo ni wewe. Yeye anasema aliitoa. Nikimuuliza aliitoa kwa nani, anakwenda kutazama sufuria, hata kama jikoni hakuna moto.

Tafadhali itafute ripoti hiyo. Mtoto huyu ni wa kwanza katika ukoo wao kufika huko. Nijibu upesi.

Dada yako,
Somoe


Chuoni
14 Aprili 1996

Shikamoo dada,

Barua yako imechelewa kwa sababu ya mvua. Nasikia barabara ilikatika na malori yamelala njiani siku tisa. Sisi hatujambo. Majaliwa ameota jino na mama yake anakusalimu sana. Mwambie Mama ale dawa ya hospitali aache ubishi. Nitamletea kanga mbili nikija.

Kazi ni nyingi mno. Tangu tuambiwe tuchangie gharama, chuo kimebadilika. Wanafunzi wanalalamika, walimu tunatafuta riziki za pembeni, na katikati ya hayo unatakiwa utoe wasomi. Na nikuambie jambo ambalo nimelisema hata kwenye semina ya walimu wiki iliyopita: mabinti hawadumu. Mwaka wa kwanza wanaingia wengi, mwaka wa tatu unawatafuta kwa tochi. Wengine wanaolewa, wengine wanaumwa maradhi yasiyo na jina, wengine wanawakumbuka mama zao. Chuo si unyago, dada, kwamba ukikaa ndani mwezi mmoja unatoka umeshahitimu. Kinataka moyo mgumu.

Kuhusu mke wangu Ziada (mwambie mtani wake anamsalimu, na mahari naendelea kudunduliza), sikumbuki vizuri kama ripoti yake ilinifikia. Huenda iko, huenda haiko. Mambo ya alama hayazungumzwi kwa barua. Aje mwenyewe tuyamalize. Asihangaike kupita ofisini, ofisini kuna kelele. Anajua pa kunipata.

Msalimie Bwanali. Mwambie mkwewe nipo.

Mdogo wako,
Mujibu


Lisekese, Masasi
16 Juni 1996

Mujibu,

Umeondoka siku iliyofuata arobaini ya mama yetu, alfajiri, bila kuaga. Chai yako niliikuta imepoa. Faidha aliuliza, "Mjomba kaenda wapi?" nikamwambia amekwenda kuwahi basi. Nimemdanganya mwanangu kwa ajili yako, na sitarudia.

Mama tumemzika vizuri. Najua simu ya maandishi ilikufikia tumeshamaliza, hilo sikulaumu. Wiki ya mwisho alikuwa anakutaja sana, "Mujibu wangu msomi." Namshukuru Mungu alikufa akiamini hivyo.

Sasa tuseme lile ambalo ulilikimbia.

Unajua kazi ya watani kwenye msiba wetu. Walikuja kutoka Kitangari na lori zima. Walinyang'anya sufuria ya wali, wakafunga mlango wa uani kwa kamba mpaka walipopewa kuku, wakamwigiza Mama anavyochechemea na mguu wake na anavyokataa dawa. Ulicheka mpaka ukafuta machozi. Mimi pia. Ndiyo dawa ya msiba, tumekua nayo.

Kisha Bibi Pili, mama yake Bwanali, akachukua koti lako pale msumarini. Akalivaa juu ya kanga. Akajifungia waya puani kama miwani, akashika bahasha, akakaa kwenye kiti chako kifua mbele, akaita: "Mke wangu weee! Ripoti yako nzuri sana, lakini hapa ofisini kuna kelele. Nipelekee kule kwangu. Alama zako nimezilalia, ziko chini ya godoro!"

Watu walianguka kwa kicheko. Bwanali mwenyewe alicheka. Na wewe, mtu mzima, mtoto wa mjini, ukasimama ukasema, "Mtoeni huyu mwehu."

Mujibu, mtani haambiwi mtoeni. Hata akikuvua kofia mbele ya mkuu wa mkoa, unacheka na kumlipa. Tangu tuzaliwe hatujaona mtu akimnunia mtani msibani. Nilisikia mbuzi akitafuna maganda nyuma ya jiko. Bibi Pili alilivua koti, akalikunja taratibu, akaliweka mapajani pako. Akasema: "Mjukuu wangu hajaniambia kitu, baba. Nilisikia barua yako ikisomwa, nikawa nabahatisha tu. Sasa umeniambia mwenyewe."

Barua ile niliisoma mimi. Nilimsomea Ziada kwa sauti, bibi yake, aliyekuja kumjulia Mama hali, yuko mkekani anachambua mchele. Nilipofika "anajua pa kunipata" Ziada alitoka nje. Mimi niliendelea kusoma, mwalimu mzima, sikuona kitu. Bikizee asiyejua hata herufi a aliona.

Usiku ule Ziada alinieleza. Sitaki kuandika yote, kalamu yenyewe inanuka. Darasani ulimwita "mke wangu" mbele ya wenzake, ukawaambia ni mila ya kwetu kusini, wakacheka. Ripoti ukasema ailete kwenye chumba ulichopanga nyuma ya duka, kule mjini, ambacho wifi yangu bila shaka hakijui. Mara ya kwanza alikuja na mwenzake wa bwenini, Getrude. Ukawarudisha mlangoni: "Mtani haji na mlinzi." Mara ya pili, siku ya mwisho ya kupokea ripoti, akaja peke yake. Ukafunga mlango, ufunguo ukautia mfuko wa shati. Akakuambia, "Mwalimu, mimi nimelala kwa dada yako miaka minne." Na wewe ukamjibu, "Basi umeshaizoea nyumba yetu."

Nilikwenda uani nikatapika. Sisemi kwa mfano. Nilitapika wali wa arobaini ya mama yangu.

Alipiga kelele mpaka mwenye duka akagonga ukuta, ukafungua. Ripoti ikabaki kitandani kwako. Tangu siku hiyo "haikupokelewa".

Na nikiri langu, kwa sababu sitaki kukutemea mate wewe tu. Likizo ya Desemba Ziada aliniambia: "Mama Faidha, Mwalimu Mujibu ananiita mke wake." Nilicheka. Nilimwambia, "Mtani huyo, usimnunie, mwulize mahari iko wapi." Mtoto alikuwa anaomba msaada kwa adabu, nami nikampa mzaha aende nao. Kila nikikumbuka kicheko changu kile najichukia.

Nakutaka jambo moja. Itoe ripoti ile ulikoificha, isahihishwe, alama iingie kabla ya tarehe 30 Septemba. Nasubiri.

Somoe


Chuoni
20 Julai 1996

Dada Somoe,

Shikamoo. Barua yako nimeipata na nimeichana, na wewe fanya hivyo kwa nakala kama unayo.

Kila jambo lina pande mbili. Wewe hukai huku. Hujui wasichana hawa wanavyoingia ofisini kwa mwalimu na wanavyovaa na wanavyolia wakikosa alama. Mimi nina mke, nina mtoto, nina jina ambalo baba yetu alilitolea jasho. Sitajibizana na vichekesho vya bikizee aliyevaa koti langu.

Mambo ya chuo yaache chuoni. Majaliwa anaendelea vizuri.

Mujibu


Chuoni
24 Agosti 1996

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo sana. Mwezi umepita sijaona mwandiko wako, nami najua nilikuandikia kwa hasira. Msiba wa Mama ulinichanganya. Naomba radhi. Wifi yako anakusalimu, anauliza kama kunde za Lisekese zimeiva, maana za mjini hazina ladha. Majaliwa amesimama dede.

Dada, nina shida na ni wewe tu wa kunitoa. Yule Getrude ameandika malalamiko kwa mkuu wa kitivo. Ametaja jina la Ziada. Imeundwa kamati, nami nimeitwa. Wajumbe wengine ni watu wa huku juu, hawajui mila zetu. Wamesikia neno "mke wangu" wakashika vichwa.

Nakuomba uwaandikie kamati, kwa mkono wako, kama mwalimu na kama dada mkubwa, ueleze kwamba ukoo wetu na wa Bwanali ni watani wa tangu na tangu, na kwamba kwa mila yetu mwanamume humwita binti wa mtani mke wake bila ubaya wowote. Si uongo, unajua ni kweli. Nimekuandalia maneno, yamo humu ndani, wewe uyanakili tu, kisha ofisi ya kata igonge muhuri. Kikao ni tarehe 23 Septemba.

Na ile ripoti, nimeanza kupanga upya makabati yangu. Nina imani kwamba barua yako ikifika, nayo itaonekana, na itaonekana na alama nzuri. Ziada atarudi darasani kama hakuna lililotokea. Hivyo kila mtu anapata.

Halafu usisahau kwamba Faidha naye miaka si mingi atafika huku. Mtoto wa dada ana nani zaidi ya mjomba? Nitamshika mkono mwenyewe.

Mdogo wako akupendaye,
Mujibu


Lisekese, Masasi
8 Septemba 1996

Mujibu,

Kunde zimeiva. Sitazituma.

Barua yako niliisoma mara tatu, nikanawa mikono. Mstari wa Faidha niliukata kwa wembe nikautupa jikoni, asije akaokota karatasi akaona mjomba wake anavyoahidi kushika mikono.

Lakini sikutaka kuamua peke yangu, maana jina linalofutwa si langu. Nilipanda Kitangari na Ziada. Bwanali nilimsomea kila kitu, mbele ya mama yake. Hakutukana. Aliniuliza, "Mama Faidha, nikimwambia akubali, atakuwa na cheti?" Nikasema ndiyo, atakuwa nacho. Akamtazama binti yake. Kusema kweli niliona kwamba alitaka akubali. Mzee yule amewahi kuota cheti kile kimetundikwa ukutani.

Ziada akasema: "Baba, kazi ile niliifanya mimi. Niliteremka bondeni kuteka maji na kina mama alfajiri wiki sita, nikaandika kila ndoo na kila saa. Nataka isahihishwe. Sitaki nipewe."

Bibi Pili akasema, "Umesikia, Bwanali," na mjadala ukaishia hapo.

Ripoti unayoilalia ni nakala safi tu, Mujibu. Daftari la bondeni analo yeye, limelowa tope lakini linasomeka. Siku saba ameandika upya mezani kwangu, kurasa hamsini na tatu, Faidha akimchorea majedwali kwa rula. Mimi nilipika na kuwafukuza kuku. Imekwenda kwa mkuu wa kitivo kwa rejista, pamoja na barua ya chuo na maelezo ya Ziada mwenyewe.

Na barua uliyoniomba nimeiandika. Muhuri wa kata umegongwa. Nakala yako hii hapa, usije ukasema nilikusengenya:

"Kwa Kamati. Mimi ni Somoe binti Hamidu, mwalimu wa shule ya msingi, dada wa tumbo moja na Mujibu Hamidu. Ndugu yangu ameniomba niwaeleze utani, nami nimekubali.

Ni kweli ukoo wetu na ukoo wa Bwanali wa Kitangari ni watani. Mtani humwita binti wa mtani wake 'mke wangu'. Humwita sokoni, msibani, njiani, mbele ya baba yake, na baba hucheka na kuuliza mahari. Utani unataka watu wasikie. Mtu akitania chumbani peke yake na binti, mlango umefungwa na ufunguo uko mfukoni mwake, kwetu hilo haliitwi utani, na jina lake mnalijua.

Mtani hunyang'anya sufuria, naye siku yake ikifika hunyang'anywa. Wanatendeana. Mwanafunzi hana alama za kumnyima mwalimu wake, kwa hiyo mwalimu akimtania alama, mwanafunzi hana cha kumrudishia.

Ndugu yangu asiutumie msiba wa wazee wetu kujifunika. Ninaandika haya nikiwa na akili timamu na aibu nyingi. Nikiitwa nitakuja kwa lori lolote."

Hayo ndiyo maneno. Yale uliyoniandalia yalikuwa na mwandiko mzuri sana. Nimewashia jiko.

Somoe


Chuoni
19 Oktoba 1996

Somoe,

Umefurahi? Kamati ilikaa siku mbili. Barua yako ilisomwa kwa sauti, nami nimekaa pale, na watu niliokula nao wakitazama meza. Wifi yako ameipata habari ya chumba na amekwenda kwao na mtoto.

Ukadhani wataninyonga? Wameniambia nipumzike kufundisha. Januari nakwenda ng'ambo kwa masomo ya juu, mwaka na nusu, na nafasi yangu itanisubiri. Hivyo ndivyo watu wenye akili wanavyomaliza mambo, bila kuanikana.

Ripoti ya yule binti ilipewa mwalimu mwingine na alama ikaingia kabla ya tarehe 30 Septemba. Sijui amepata nini wala sitauliza. Lakini wewe uliyejifanya mtetezi, nikupe hesabu uwafundishie darasa la tatu. Mwaka wao waliingia wasichana kumi na mmoja. Sita wameshaondoka, na hakuna barua yako itakayowarudisha. Kwa ajili ya mmoja umemvunja ndugu yako.

Mama angekuona.

Mujibu


Lisekese, Masasi
1 Desemba 1996

Mujibu,

Salamu sitakupa leo, nitakupa habari, kwa kuwa wewe bado ni mtoto wa mama yangu na habari ni haki yako.

Korosho zinaendelea kuokotwa. Mvua ya kwanza imenyesha juzi. Wifi yangu aliniandikia kutoka kwao na nimemjibu; Majaliwa anatembea, na nguo zake nitashona mimi. Mwaka na nusu wako ng'ambo kausome vizuri. Ninaposikia kwamba mtu akifanya kinyaa kile anapelekwa kusoma zaidi, natamani nirudishe hata cheti changu cha ualimu, kidogo kilivyo. Wenzako waliotazama meza uwaambie kwamba dada yako anawaona pia.

Ziada alirudi chuoni wiki ya pili ya Oktoba. Bwanali alimsindikiza mpaka stendi ya Masasi, na hakuna mbuzi aliyechinjwa safari hii, walikula ugali wa muhogo wakaagana. Ameniandikia. Ripoti imepata C na amekasirika kweli kweli, anasema sehemu ya majedwali ilistahili zaidi na amekata rufaa. Nilicheka peke yangu barazani kwa furaha. Kisha mwishoni anasema kwamba darasani anakaa kiti cha karibu na mlango, na mwalimu yeyote akimwambia "baki kidogo" viganja vinamlowa jasho, hata akiwa mwalimu mwanamke. Hilo halikunichekesha. Amerudi, lakini hakurudi mzima wote, na sehemu iliyobaki njiani ni wewe uliyeichukua.

Nimeifanya hesabu yako. Kumi na mmoja toa sita. Umeiandika ukijivuna, kana kwamba sita ni kinga yako. Wewe ndiye uliyesema kwenye semina kwamba mabinti hawadumu, na mimi darasani kwangu mtoto akikosa siku tatu naenda kwao kumwuliza mama yake. Kwenu wameondoka sita na hakuna aliyeuliza hata kwa posta.

Basi nimemwomba Ziada na Getrude wanitafutie majina. Wameyapata yote sita, pamoja na vijiji. Wanne uliwasimamia wewe. Wawili walisimamiwa na wenzako. Mmoja ameolewa Tunduru, mmoja anauza maandazi Songea, mmoja yuko hapa hapa Chiungutwa, mwendo wa baiskeli kutoka kwangu, na nimekuwa nikimwona gulioni nisijue. Nimemwandikia mkuu wa kitivo kumwuliza kama nafasi zao zinaweza kufunguliwa. Hajajibu. Asipojibu nitaandika tena. Mimi nimezoea kurudia somo moja mpaka lieleweke.

Hao wasichana nao nawaandikia, mmoja mmoja, baada ya kusahihisha madaftari. Sijui kama watanijibu. Mimi ningekuwa wao nisingejibu. Barua ya kwanza nimeimaliza jana, imenichukua siku nne, na kazi kubwa ilikuwa mwanzo. Nilijaribu kuficha, nikajaribu kuzunguka, kisha nikaandika kama ilivyo:

"Binti yangu, hunijui. Mimi ni dada yake Mujibu."

Somoe